Mtoto wa Rungwe na Swali Lililochelewa

Vibanda pembeni mwa kijiji

Mvulana wa Kinyakyusa akifika miaka kumi au kumi na mmoja alihama nyumbani kwa baba yake. Hakuwa amefukuzwa. Yeye na wenzake waliokuwa wakichunga ng'ombe pamoja walijenga vibanda vya matete pembeni mwa kijiji cha wazazi, wakalala humo, na wakati wa chakula wakaenda kwa kundi: leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Miaka ikipita, vibanda viligeuka nyumba, wachungaji wakaoa, na kundi lile la utotoni likawa kijiji kizima cha watu wa rika moja. Neno lililobeba maisha hayo ni ukwangala, yaani kukaa na wenzio, kula nao, kuzungumza nao, na kwa njia hiyo kufundwa nao.

Wazee walikuwa na sababu zao. Walisema haifai kijana anayebalehe alale karibu na wazazi wake. Tena mke wa mtoto hatakiwi kukutana uso kwa uso na baba mkwe, basi ni heri makazi yatengane. Ukipanda leo kutoka Tukuyu, kwetu kusini mwa Tanzania, kuelekea Mlima Rungwe, kati ya migomba na mashamba ya chai yanayopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, huoni tena vijiji vya namna hiyo. Vimebaki katika vitabu na katika kumbukumbu za simulizi za mababu.

Binti hakuwa na kijiji chake. Mara nyingi alichumbiwa kabla ya kuvunja ungo. Ng'ombe wa mahari walihama kutoka zizi hili kwenda zizi lile, naye akaanza kwenda na kurudi kwa mchumba aliyemzidi umri kwa miaka mingi. Wanaume walichelewa kuoa kwa sababu ng'ombe walikuwa mikononi mwa baba, na baba huyo huyo huenda naye alikuwa akitafuta mke mwingine. Mvulana alipewa wenzake wa kumlinda. Msichana alipewa mume.

Palikuwa na kinga ya aina yake. Wanyakyusa waliamini kwamba majirani wakichukizwa na tendo la mtu, manung'uniko yao, pumzi ya watu, humletea ugonjwa. Mtu akionea, kijiji kikinong'ona, mwili wake unashikwa na baridi. Jambo hilo nimelitafakari sana, kwa maana ndani yake mna wazo kwamba kinachotendeka ndani ya nyumba si cha nyumba peke yake. Lakini mifano iliyoandikwa inaonyesha pumzi hiyo iliwaka hasa pale mtoto alipomvunjia heshima baba, au mke alipomtukana baba mkwe. Ilimlinda mkubwa kuliko ilivyomlinda mdogo.

Wapo wanaosema zamani mtoto alikuwa wa kijiji kizima na hakuna aliyemdhuru. Wapo wanaosema kumchapa na kumwoza mapema ndiyo mila yetu, tuachwe. Rungwe inawakatalia wote wawili. Historia yake inaonyesha mambo yakibadilika karibu kila kizazi, na ndani ya mabadiliko yote hayo mtu mmoja tu aliachwa bila kuulizwa, naye ni mtoto.

1891 hadi 1916: misheni, boma na ngozi ya kiboko

Katika miaka ya 1870 na 1880 nchi zote zinazozunguka ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa zilitikiswa na biashara ya watumwa. Karonga, mwendo si mrefu kutoka Unyakyusa, kulikuwa na ngome za wafanyabiashara walioongozwa na Mlozi, na vita vyake na Waingereza vilianza mwaka 1887. Watoto ndio waliokuwa bidhaa rahisi kubeba. Walitekwa, walitolewa kulipa deni, walibadilishwa kwa nguo au chakula wakati wa njaa.

Wamoraviani waliweka kituo chao Rungwe mwaka 1891, wakiongozwa na Theodor Meyer na Theophil Richard. Walutheri wa Berlin walifika karibu wakati huo huo upande wa kusini. Vituo hivyo vikawa kimbilio la waliotoroka utumwani, wanawake na watoto kwa wingi. Miongoni mwa wamisionari wa Kimoraviani wa nyanda hizi alikuwamo mwanamke mmoja, Elise Kootz-Kretschmer, aliyefanya jambo ambalo maafisa na wapelelezi hawakulifikiria. Alikaa na wanawake waliokuwa wamekombolewa, akaandika maisha yao kama walivyoyasimulia wenyewe. Mmoja wao ni Chisi. Alitekwa angali mdogo, akapita mkononi mwa bwana mmoja hadi mwingine, akatoroka, akakamatwa, hadi alipoufikia ulinzi wa misheni. Mwanahistoria Marcia Wright aliyatoa tena maisha hayo kwa Kiingereza mwaka 1993. Kwa sisi watu wa kusini ni hazina, kwa sababu pengine ndipo mara ya kwanza utoto wenye mateso wa nyanda hizi ulipoingia katika maandishi kwa sauti ya aliyeteswa. Hata hivyo Chisi alisimulia akiwa mtu mzima. Alipokuwa mtoto hakuna aliyemsikiliza.

Wajerumani walijenga boma Langenburg, kando ya Ziwa Nyasa, kisha karne ilipogeuka wakalipandisha Tukuyu na kuliita Neu Langenburg. Pamoja na boma kilikuja kiboko. Leo mwanafunzi akisema amechapwa viboko vinne hafikirii kwamba anamtaja mnyama wa majini, lakini neno hilo linatokana na mjeledi uliotengenezwa kwa ngozi nene ya kiboko, na ulitumika kwa wapagazi, vibarua na wafungwa wa koloni zima. Hesabu yake ilikuwa hamsa ishirini, mapigo ishirini na matano kwa mara moja. Amri ya Kansela wa Ujerumani ya mwaka 1896 iliweka kikomo hicho, ikakataza kuwachapa wanawake, na kuagiza kwamba walio chini ya miaka 16 wachapwe kwa fimbo nyembamba tu. Tazama jinsi sheria ilivyomwona mtoto: hakuondolewa katika adhabu, alichaguliwa fimbo inayolingana na mwili wake. Fikra hiyo, kwamba suala ni ukubwa wa fimbo na idadi ya mapigo, ilikaa baada ya Wajerumani kuondoka mwaka 1916, nayo tutakutana nayo tena mbele.

1934 hadi 1938: daftari za akina Wilson

Baada ya miaka ya kwanza ya utawala wa Waingereza, ambayo kwa habari yetu haikuacha mengi, walikuja Tukuyu vijana wawili wenye daftari. Godfrey Wilson alianza utafiti Unyakyusa mwaka 1934, na mkewe Monica, binti wa wamisionari wa Afrika Kusini, akajiunga naye mwaka uliofuata. Walikaa hadi 1938, wakijifunza Kinyakyusa, wakihudhuria misiba, harusi na mabaraza ya machifu. Kazi hiyo haikuwa yao peke yao. Leonard Mwaisumo, karani na msaidizi wao, alitafsiri, akaandika, akawafungulia milango ambayo mgeni asingefunguliwa.

Vitabu vya Monica Wilson vilivyotoka baadaye, kuanzia kile cha vijiji rika cha mwaka 1951, vimeifanya Rungwe kuwa mojawapo ya sehemu za Tanzania zilizoandikwa kwa undani zaidi. Ndani yake tunawaona watoto wakichunga, wakipigana, wakiwaogopa wakubwa wao wa malisho. Tunaona binti akifanyiwa unyago wake pamoja na harusi. Tunaona kijana akisubiri ng'ombe wa baba. Kila kitu kipo, isipokuwa swali la kwamba je, wewe binti uliyechumbiwa ukiwa na miaka minane au kumi, uliona nini? Waliosema zaidi katika daftari zile ni watu wazima, na hasa wanaume. Mwandishi mwenyewe alilifahamu hilo. Alirudi Unyakyusa mwaka 1955, na kitabu chake cha mwisho juu ya watu hawa, cha mwaka 1977, alikipa jina lenye maana ya "kwa ajili ya wanaume na wazee". Aliona kwamba mema ya jamii ile yalipangwa yawafikie hao kwanza.

Simlaumu. Katika miaka ile ni wataalamu wachache mno duniani walioufanya ukatili wa nyumbani dhidi ya watoto kuwa somo la kuhesabiwa. Daktari wa watoto wa Marekani, C. Henry Kempe, na wenzake walichapisha makala yao maarufu juu ya watoto wanaopigwa na wazazi mwaka 1962 tu, na hata hapo madaktari wengi hawakutaka kuamini walichokiona kwenye picha za mifupa iliyovunjika.

Lupa, kahawa na kuvunjika kwa rika

Wakati akina Wilson wakiandika, vijana wa Rungwe walikuwa tayari wakiondoka. Dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya, iliwavuta kwa maelfu katika miaka ya 1930. Wengine walikwenda mbali zaidi, kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Kijana aliyerudi na fedha hakumsubiri tena baba ampe ng'ombe, na hapo mizani ya nyumbani ikayumba. Mahari ilipanda. Binti aliyekuwa akiozwa kwa ng'ombe wachache sasa alitarajiwa kuleta zaidi, na mabaraza ya wenyeji yalijaa kesi za ndoa, ugoni na madai ya mifugo. Ukizisoma habari za mabaraza hayo utamkuta msichana, ila ametajwa kwa hesabu ya ng'ombe.

Kilichovimaliza vijiji rika ni ardhi. Kahawa, na baadaye chai, zilimfanya mtu ashikilie shamba lake, asihame na rika. P. H. Gulliver, mtafiti wa serikali ya Tanganyika aliyefanya kazi Rungwe katika miaka ya 1950, alieleza jinsi msongamano wa watu na mazao ya kudumu ulivyobadili umiliki wa ardhi. Kijana alibaki kwenye kiwanja cha baba. Vibanda vya matete vilitoweka ndani ya kizazi kimoja au viwili.

Nadhani hapa ndipo mgeuko mkubwa wa historia hii ulipo, ingawa hauna tarehe ya kusherehekewa. Ukwangala ulikuwa na ukali wake. Wachungaji wakubwa waliwaonea wadogo, na hakuna sababu ya kuupamba. Lakini ulimpa mtoto watu wengine wa kwenda kwao. Mvulana mwenye baba mkali alikuwa na kibanda na wenzake kumi. Ulipokufa, mtoto alibaki na sehemu mbili tu, nyumba na darasa, na katika sehemu zote mbili mkubwa mmoja alishika fimbo bila jirani kutia neno. Ule mnong'ono wa majirani uligeuka msemo tunaousikia hadi leo: hayo ni mambo ya ndani.

Miaka ya darasa

Serikali ya Tanganyika huru ilirithi viboko vya mkoloni na kuviongeza. Sheria ya Adhabu za Chini ya mwaka 1963 iliwapa watu wazima waliotiwa hatiani kwa makosa kama wizi na rushwa viboko 24, nusu wakiingia gerezani na nusu wakitoka. Hiyo ilikuwa lugha ya nidhamu ya taifa changa, na shule ziliizungumza pia.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 na mpango wa elimu ya msingi kwa wote wa 1977 vilijaza madarasa kila kona ya nchi. Rungwe, iliyokuwa na shule za misheni tangu mwisho wa karne ya 19, ilipokea wimbi hilo kwa furaha. Walimu walihitajika haraka, mafunzo yakawa mafupi. Mwalimu kijana aliyekabidhiwa watoto sabini katika chumba kimoja alikuwa na chaki, ubao na fimbo ya mpera. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni zilitungwa mwaka 1979 na kuruhusu hadi mapigo sita.

Mimi ni mmoja wa watoto waliosoma katika madarasa ya namna hiyo. Kwetu mvua haitoi taarifa. Asubuhi moja mto mdogo tuliozoea kuuvuka kwa mawe ulikuwa umejaa, tukasubiri upungue, tukafika shuleni tumelowa hadi shingoni. Tulipangwa mstari. Mwalimu aliuliza kosa, si sababu: "Umechelewa au hukuchelewa?" Aliyekuwa mbele yangu alikuwa msichana mdogo wa darasa la kwanza, vidole vimekakamaa kwa baridi kiasi kwamba alishindwa kuukunjua mkono autoe. Akasaidiwa kuukunjua. Nakumbuka mkono ule kuliko ninavyokumbuka mapigo yangu mwenyewe. Jioni sikumwambia mama, kwa maana angeniuliza nilifanya kosa gani.

Mwaka 2002 kanuni zilirekebishwa. Mapigo yakapunguzwa hadi manne. Fimbo ikawa ya mwalimu mkuu, au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi. Mwanafunzi wa kike achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa kama hayupo. Na kila adhabu iandikwe kitabuni: jina, kosa, idadi, aliyechapa. Mtu anayezijua shule zetu anaelewa umbali uliopo kati ya kitabu hicho na kinachotokea mstarini saa moja na nusu asubuhi.

Kwa msichana palikuwa na mlango mwingine. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu aolewe akiwa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi, na 14 kwa ruhusa ya mahakama. Kanuni nyingine za mwaka huo huo wa 2002 zilitumika kuwafukuza shule waliopata mimba. Kwa hiyo aliyebakwa njiani akirudi kutoka kuchota maji au kusaga angeweza kuipoteza shule pia, wakati aliyembaka akijadiliana na baba mtu juu ya fidia. Bunge lilitunga mwaka 1998 Sheria ya Makosa ya Kujamiiana yenye kifungo kisichopungua miaka 30, na cha maisha kwa aliyembaka mtoto wa chini ya miaka 10. Ukali huo ulikuwa wa lazima. Vijijini ulizaa pia jambo ambalo watunzi hawakulikusudia: familia zilipoambiwa kwamba ndugu au jirani atafungwa miaka 30, ziliharakisha kuyamaliza nyumbani. Ng'ombe, fedha, maneno ya wazee, na shahidi asiyefika mahakamani.

Juu ya hayo yote ukaja UKIMWI. Utafiti wa kitaifa wa 2003 na 2004 uliuonyesha mkoa wa Mbeya ukiwa na maambukizi ya zaidi ya asilimia 13 ya watu wazima, miongoni mwa viwango vya juu kabisa nchini. Barabara kuu ya kwenda Kyela na Malawi inapita katikati ya Tukuyu, na kila kijiji kilichokuwa kando yake kilizika. Bibi mwenye wajukuu watano likawa jambo la kawaida. Mtoto aliyelelewa na shangazi, kisha mjomba, kisha akapelekwa mjini kuwa mfanyakazi wa ndani, alikuwa akirudia safari ya Chisi katika karne nyingine.

2009: mlango unafungwa, swali linaulizwa

Bunge lilipitisha Sheria ya Mtoto mwaka 2009, miaka 18 baada ya Tanzania kuridhia Mkataba wa Haki za Mtoto. Mwaka huo huo ulifanyika utafiti ambao, kwa maoni yangu, ulibadili mambo kuliko sheria yenyewe.

Uliendeshwa na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili pamoja na UNICEF na kituo cha Marekani cha udhibiti wa magonjwa, CDC. Waliohojiwa walikuwa na miaka 13 hadi 24. Namna ulivyofanyika inastahili kuelezwa, kwa maana humo ndimo ulipo moyo wake. Katika nyumba iliyochaguliwa alihojiwa mtu mmoja tu. Wasichana walihojiwa na wanawake, wavulana na wanaume, tena katika maeneo tofauti, ili mtendaji na mtendewa wasije wakaulizwa maswali yale yale katika mtaa mmoja. Mzazi aliambiwa ni utafiti wa afya na maisha ya vijana, asijue kila kitakachoulizwa, kwa sababu huenda mtoto angelipia baadaye majibu yake. Mhojaji alitafuta mahali pasiposikika, chini ya mti, nyuma ya jiko. Mtu akipita, mazungumzo yaligeuzwa. Na aliyetaka msaada alielekezwa pa kuupata.

Matokeo yalitangazwa Dar es Salaam Agosti 2011. Karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu robo tatu ya wote, wa kike na wa kiume, walikuwa wamepigwa na ndugu, mwenzi au mtu mwenye mamlaka juu yao, walimu wakiwamo kwa wingi. Robo moja waliteswa kwa maneno. Wasichana wengi waliofanyiwa ukatili wa kingono hawakuwahi kumwambia mtu yeyote, na waliopata huduma walikuwa wachache mno.

Yalikuwa makadirio ya nchi nzima, hayakutoa hesabu ya Rungwe peke yake. Lakini nani kati yetu aliyekulia huku angeweza kusema hayamhusu? Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kupima ukatili wa aina zote tatu kwa wasichana na wavulana pamoja; Swaziland ilikuwa imetangulia mwaka 2007 kwa wasichana tu. Serikali ingeweza kuficha kurasa zile. Ikazitoa hadharani, na wizara zikaahidi hatua. Madawati ya jinsia na watoto yakaenea katika vituo vya polisi, namba ya simu ya bure 116 ikawekwa kwa ajili ya watoto, na baadaye mipango minane iliyotawanyika ikaunganishwa kuwa mmoja, MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, wenye kamati kuanzia taifa hadi kijiji.

Sheria ya Mtoto, hata hivyo, ilikuwa imeacha mwanya. Kifungu cha 13 kinakataza mateso na adhabu za kikatili, kisha kinaruhusu kumrekebisha mtoto kwa kiasi kinachofaa kulingana na umri wake na hali yake. Ndiyo ile amri ya 1896 imerudi: kupima fimbo.

Mbeya, 2016 hadi 2019

Mwishoni mwa Septemba 2016, katika shule ya sekondari ya kutwa Mbeya mjini, walimu wa mazoezi walimzunguka mwanafunzi wa kidato cha tatu ofisini na kumshambulia kwa ngumi, mateke na fimbo. Mtu alirekodi. Picha zilisambaa wiki iliyofuata, nchi ikashtuka, mawaziri wakatoa amri, walimu wale wakafukuzwa vyuoni. Mshtuko ule ulikuwa wa kweli. Ulihusu kupita kiasi; fimbo ya kawaida haikuguswa.

Oktoba 2019, mkuu wa mkoa wa Mbeya, Albert Chalamila, aliwachapa kwa mkono wake wanafunzi 14 wa shule ya sekondari Kiwanja, Chunya, waliodaiwa kukutwa na simu na kuhusishwa na moto wa mabweni. Safari hii aliyerekodiwa hakuwajibishwa. Rais Magufuli alimpongeza mbele ya umma. Mwezi huo huo, tarehe 23, Mahakama ya Rufani ilikataa rufaa ya serikali katika kesi ya mwanaharakati Rebeca Gyumi, na kuacha isimame hukumu ya Mahakama Kuu ya 2016 kwamba vifungu vya ndoa za chini ya miaka 18 vinakiuka Katiba. Serikali ilitakiwa kurekebisha sheria ndani ya mwaka mmoja. Mwaka ukapita.

Kati ya matukio hayo mawili ya fimbo yaliyojaza magazeti, jambo jingine lilikuwa likiendelea Rungwe na halikuandikwa sana. TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, kwa msaada wa UNICEF, ilikuwa ikijaribu mpango ulioitwa Ujana Salama katika halmashauri nne: Mufindi na Mafinga upande wa Iringa, Rungwe na Busokelo upande wetu. Walengwa walikuwa vijana wa miaka 14 hadi 19 kutoka kaya maskini zilizokuwa zikipokea ruzuku. Vijiji 130 vilipigiwa kura: baadhi vikapata ruzuku pekee, vingine vikapata ruzuku na mafunzo. Watafiti waliwahoji vijana kabla ya kuanza, mwaka 2017, kisha wakawarudia.

Kwenye vijiji vya mafunzo vijana walikutana kila wiki kwa wiki 12. Walijifunza kupanga biashara ndogo na kuweka akiba, kisha yale wasiyofundishwa nyumbani: mwili unavyobadilika, VVU, mahusiano, nini ni ukatili na wapi pa kwenda. Baada ya hapo kila mmoja alikuwa na mlezi wa kumshauri kwa miezi tisa, na aliyeandaa mpango wake alipata mtaji wa takriban dola 80. Vituo vya afya navyo vilielekezwa kumpokea kijana bila kumkaripia. Kwa mtu wa mjini mtaji huo ni fedha ya simu. Kwa msichana wa Busokelo ni kuku, mbegu za viazi, au nguruwe wa kuanzia, na ni sababu ya kutomhitaji mwanaume anayemnunulia sabuni.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba wasichana wa vijiji vya mafunzo walifanyiwa ukatili wa kingono kwa kiwango kilichopungua kwa pointi 5 za asilimia wakilinganishwa na wa vijiji vya ruzuku peke yake, na wavulana walipunguza kupiga wengine. Kipigo walichopokea wao wenyewe hakikupungua. Matusi hayakupungua. Kwenda kuomba msaada hakukuongezeka.

Matokeo hayo nimeyarudia mara nyingi. Kijana akipata maarifa, mtaji kidogo na wenzake wa kukaa nao kila wiki, yapo mambo anayoweza kuyakwepa mwenyewe. Kundi lile la wiki 12 lilikuwa na kitu cha ukwangala ndani yake, na safari hii msichana alikuwamo. Lakini fimbo ya mzazi na ya mwalimu haiko mikononi mwa kijana, hawezi kujifunza kuiepuka darasani kwake. Na dawati la polisi Tukuyu mjini liko mbali na Mwakaleli, kule Busokelo, kwa nauli, kwa fomu ya polisi ya PF3, kwa aibu, na kwa mjomba anayesema subiri kwanza tuongee.

Baada ya 2021

Novemba 2021 waraka wa elimu uliruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni, na baadhi yao wakarudi, wakiwaachia bibi zao watoto. Awamu ya pili ya MTAKUWWA ilifuata. Kamati za vijiji zipo, nyingine zinakutana, nyingine zimebaki majina ukutani katika ofisi ya mtendaji.

Waliokuwa na miaka 14 walipohojiwa kwa mara ya kwanza na watafiti wa Ujana Salama sasa wamevuka 20. Baadhi yao ni wazazi. Watoto wao wa kwanza wanaanza shule, katika madarasa yenye bati linalopiga kelele mvua ikinyesha, na kwenye kabati la mwalimu mkuu kile kitabu bado kipo, chenye safu za jina, kosa, idadi ya viboko na aliyechapa. Safu ya maelezo ya mtoto haijachorwa.